Nzi Wasioandikishwa Getini

Kwa Bwana Norman,
Mwenyekiti wa Chama cha Wakaazi wa barabara yetu,
Kitisuru.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

KUH: NZI WANAOINGIA BILA KUULIZWA WANAENDA KWA NANI

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikitumaini mguu wako umepata nafuu. Mimi ni Mercyline, mpishi wa Mama Kamla, nyumba inayopakana na ua wako. Tumesalimiana mara nyingi, ingawa wewe huwa ndani ya gari na kioo kimepandishwa.

Nimeisoma ilani uliyobandika getini, kwamba kufikia Jumamosi bustani zote za mboga za wafanyakazi zing'olewe, kwa sababu ndizo zinazozalisha yule nzi mchimba majani ambaye sasa ameyafikia maua yako. Spinachi iliyo nyuma ya jikoni naipanda mimi, lakini anayeila ni Mzee Indravadan, mume wa Mama. Tangu atoke hospitali kule Parklands hataki mboga nyingine. Ya sokoni anaijua kwa kunusa tu, na sahani anaisukuma kando. Ukiing'oa hii, Mwenyekiti, nimpe nini mzee wa watu? Basi nimeomba, nikanawa mikono, nikashika kalamu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Nzi huyu si mzaliwa wa kwetu. Ni mdogo kuliko punje ya wimbi, mweusi mwenye doa la njano mgongoni. Hutoboa jani akataga yai, na funza anayeanguliwa hutembea ndani kwa ndani, katikati ya ngozi mbili za jani, akiacha mstari mweupe uliopindapinda kama njia ya mlevi. Sasa, kila anayeingia barabara hii huacha kitambulisho kwa Kisilu pale getini. Mchungaji wangu alipokuja kumwombea Mzee aliacha chake, akaulizwa anaenda kwa nani, hata Biblia ikafunguliwa ikakung'utwa. Nzi hakuulizwa lolote. Nilipomkabili Kisilu alifungua daftari lake, akasema, "Mama, nikimsimamisha huyo nzi, nimuandike anaitwa nani?" Mwenyekiti, hilo si jibu la askari.

2. Dawa yako. Mtu wako wa bustani hunyunyiza ile kali kila Jumatatu, hata sufuria zangu zinanukia. Nimesikia katika kipindi cha wakulima redioni kwamba kuna nyigu wadogo sana, hawaumi mtu, kazi yao ni kumtafuta huyo funza na kummaliza. Dawa kali huua nyigu kwanza. Funza mwenyewe yuko ndani ya jani, ametulia kama mtu anayesikiliza mvua akiwa chini ya mabati. Kwa hivyo umewafukuza askari pekee waliokuwa kazini, ukamwacha Kisilu.

3. Hapa ninakueleza kama ndugu. Redio ilisema tuyachume majani yaliyochorwa na kuyachoma moto. Lakini dini ya Mama Kamla haimruhusu kutoa uhai wa mdudu. Aliniambia, "Mercyline, kuua hapana. Wewe ongea na yeye polepole, yeye atatoka." Na mimi huheshimu nyumba ninayokula. Nimeongea naye kwa Kiswahili, nimeongea kwa Kijaluo, nimemsomea zaburi nikiwa nimepiga magoti matopeni. Kila nikisema amina naona mstari mwingine.

4. Nilijaribu pia mitego. Nzi hawa huvutwa na rangi ya njano, basi nikapaka mafuta vifuniko vya ndoo za njano nikavitundika juu ya spinachi. Walinaswa wengi. Mama alipowaona alitokwa na machozi. Tangu siku hiyo kila asubuhi nawabandua kwa unyoya wa kuku, nawapangusa mafuta, na wanaoweza kuruka nawaachilia juu ya ua wako, kwa maana upande ule ndio wenye upepo mzuri. Usinifikirie vibaya. Hawakai huko, wanarudi. Na anayekwenda na kurudi bila kupotea, si ana mwenyeji mahali fulani?

5. Mwenyeji ni wewe. Samahani, lakini redio ilisema nzi huyu hupenda maua ya krisanthemu kama mtoto anavyopenda mandazi. Zako ziliteremshwa kwa pikapu juzijuzi. Kisilu aliandika dereva, akaandika gari, na jani hata moja hakuligeuza.

Kwa hayo naomba kwa unyenyekevu: maua yote yazuiliwe kibandani pa askari, kila jani linyanyuliwe juani litazamwe kama lina mistari, wala asisamehewe mtu yeyote, awe tajiri, awe mtumishi wa Mungu. Pili, nzi asiye na mwenyeji wa kumpokea arudishwe alikotoka, kama tunavyorudishwa sisi. Tatu, ikiwa lazima kung'oa Jumamosi, tuanzie kwa krisanthemu zako, kisha tumalizie hapo hapo. Nitakuja na jembe langu, na chai ya maziwa nitaleta.

Msalimie mama wa nyumbani, wasalimie watoto walio ng'ambo, na yule mbwa mkubwa mwambie sina ubaya naye.

Dada yako katika Bwana na jirani yako wa upande wa jikoni,

Mercyline

Tanbihi: Alhamisi dada yangu Peres ataleta kreti za krisanthemu za kupamba kanisa siku ya shukrani. Nitazihifadhi katikati ya spinachi, maana ndiko kuna kivuli. Tafadhali mwambie Kisilu asizizuie wala asigeuze majani, kwani ni maua ya madhabahuni. Yana michirizi myeupe kidogo, lakini aliyetuuzia alituhakikishia kwamba huo ndio urembo wake.