Bushi Mpya za Kang'ethe

Kang'ethe alilisikia gari la Zacharia kabla ya kuliona. Lilikuwa Morisi kuukuu la tangu kabla ya vita, na lilipovuka reli ya Ruiru liligonga: ngo! ngo! Kang'ethe alivua kofia kwa heshima. Riziki ilikuwa inabisha hodi.

"Mzee, bushi zako zimekwisha," alisema. "Ule mpira wa kwenye springi umelika. Sasa chuma kinakula chuma. Siku moja gurudumu litakuaga barabarani."

"Wewe ni fundi?"

"Fundi wa wazungu, mzee. Nina bushi mpya, hazijawahi kuona vumbi la nchi hii. Nitazifunga nyumbani kwako, wewe umeketi unakunywa chai."

"Bei?"

"Mbuzi mmoja tu."

Bei hiyo ilikuwa na sababu. Jumamosi Kang'ethe alitarajiwa Kamenu, kwa Mzee Gichuru, kumposa Mumbi. Mposaji asiye na mbuzi huhesabiwa kuwa mpita njia.

Kesho yake alilipandisha gari kwa jeki uani kwa Zacharia, akaingia uvunguni, akazitoa bushi za zamani. Mpya hakuwa nazo. Alizisugua zile zile kwa mafuta ya taa, akazipaka rangi nyeusi ya viatu, akazirudisha mahali pake. Kwa haki, zilipendeza.

Magdalene, mke wa Zacharia, alimkaribisha chakula.

"Na huyo mbuzi unampeleka wapi, baba?"

"Kamenu, mama. Kwa Mzee Gichuru. Namposa binti yake, Mumbi."

Magdalene alimtazama mumewe. Zacharia aliweka kikombe chini.

"Kwa Gichuru! Basi nitakuchagulia mwenyewe. Kula, usiwe na haraka."

Alikawia kidogo zizini. Alirudi na mbuzi mweusi, anang'aa kama kiatu cha askari.

"Bado mchanga kabisa," alisema.

Kang'ethe aliondoka upesi. Njiani alikumbuka kwamba amesahau kopo lake la rangi, lakini hakurudi. Kopo halikuwa na thamani ya kumkutanisha na gari lile likiwa limewashwa.

Jumamosi, Mzee Gichuru alimzunguka mbuzi, akampapasa mdomo, akatazama kiganja chake. Kilikuwa cheusi. Mdomo wa mbuzi ulikuwa mweupe kwa uzee.

"Kijana, mbuzi huyu ni rika langu."

Kang'ethe alikuwa na maelezo, na yalikuwa mazuri. Kabla hajayatoa, sauti ilisikika langoni: ngo! ngo!

"Huyo ni mjomba wa Mumbi," alisema Gichuru. "Posa haianzi bila yeye."

Zacharia alishuka garini. Alimrudishia Kang'ethe kopo lake kwa mikono miwili, kama zawadi.

"Mke wangu alikuona ukizipaka bushi. Tukaona si vizuri mbuzi akose rangi."

Kisha alitoa jeki, spana, na bushi mpya, bado ndani ya karatasi ya duka la Jaswant.

"Habari za Mumbi tutazungumza ukimaliza. Vua koti, mkwe."

Kang'ethe alivua koti, akaingia uvunguni. Hapo, mbele ya wazee wote, kwa mara ya kwanza katika ufundi wake wa miaka mingi, alibadilisha bushi. Mbuzi alisimama kando akitafuna, akisimamia kazi.