Lakiri Juu ya Kisima cha Selestini

Gari lilikuwa limeshaiacha Masasi nyuma, na Husseni dereva ameshaanza kuulaani mlima, ndipo Mwenyekiti wetu, Bwana Mujibu, alipogeuka kwenye kiti cha mbele akatutangazia kwamba siku hiyo itaandikwa. Kwa mara ya kwanza tangu nchi iwe nchi, alisema, Kamati ya Uthibitisho wa Utulivu wa Akiba za Watunza Wenza kutoka Nje inakwenda kukagua akiba iliyotulia kikamilifu. Makofi yalipigwa. Tulikuwa watatu, mmoja kashika usukani na mmoja ndiye anayehutubia, kwa hiyo makofi yote yalikuwa yangu.

Mimi ni Mjumbe Mzoefu wa Njia. Cheo hicho nilikipata kwa haki. Darasa la kwanza nilisoma Masasi, la pili Tunduru, la tatu ng'ambo ya Ruvuma kwa Kireno, na la nne sikulimaliza kwa sababu lilipita gari la Songea. Kamati ilitaka mtu aliyewahi kuvuka mpaka, nami nimeuvuka kuliko mbuzi wa wizi. Nikapewa posho na fimbo ya kupimia.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Ukioa mke kutoka nje, Kamati inataka kujua utamtunza kwa nini. Maneno hayatoshi, inatakiwa akiba. Na akiba, kwa mujibu wa Mwongozo aliouandika Bwana Mujibu kwa mkono wake, ni mali iliyokaa miezi sita bila kuguswa. Mali ikishaguswa ni matumizi.

Selestini wa Makote, kijiji cha huko mlimani, alikuwa amemwoa Emilia, binti wa Mueda. Akiba isipopatikana, Emilia angerudishwa kwao ng'ambo, yeye na mimba yake.

Selestini alileta kwanza karatasi za benki. Pesa ya korosho iliingia baada ya mnada, ikatoka wiki ileile kununua saruji na mabati. Bwana Mujibu akamweleza kwa upole kwamba hiyo si akiba, hiyo ni mpita njia. Akaleta mikorosho. Ikagundulika mikorosho ni ya ukoo wa mama yake, na mjomba wake yu hai, ana afya, na hataki kuulizwaulizwa. Ndipo nikauliza: hiyo saruji ilikwenda wapi?

Ilikwenda ardhini. Kule juu hakuna mto, na mtu mwenye akili huchimba kisima uani, akakisakafia, akakinga mvua ya bati zima la nyumba ili anywe kiangazi. Cha Selestini kilikuwa kimejaa hadi shingoni. Mwenyekiti alichungulia, akaiona sura yake mle ndani, akaridhika.

"Hii imetulia," alisema.

Nikapima kwa fimbo. Kisha, ili akiba isiguswe, tukafunga mfuniko kwa waya, tukatia lakiri nyekundu, tukawatakia kiangazi chema.

Habari zao nilizisikia njiani. Selestini alikuwa akishuka bondeni kila siku na baiskeli ya madumu, ilhali nyumbani wamekalia maji. Majirani wakasema kaoa wake wawili, mmoja wa kupika na mmoja wa kulindwa. Nikapendekeza kikaoni kwamba Emilia, kwa hali yake, apewe japo ndoo. Mwenyekiti akanisahihisha: akiba ni kwa ajili ya mtegemezi, na Emilia bado hajawa mtegemezi, bado ni maombi.

Sasa turudi mlimani. Rejeta ilichemka mara ya kwanza ikanywa chupa zetu zote za maji. Ilichemka mara ya pili ikanywa chai ya Mwenyekiti, na sukari yake. Makote tuliingia tunasukuma, midomo imekauka kama ganda la korosho.

"Shikamoo, Baba," Emilia alisema. Tumbo lilikuwa limeshamtangulia mlangoni.

"Marahaba, binti yangu. Kwanza maji."

"Maji yapo, Baba. Yamo ndani ya serikali."

Mtungi ulikuwa mkavu. Tukamngoja Selestini. Akaja na madumu yanayogongana kwa utupu: pampu ya bondeni imekufa, foleni imelala hukohuko. Mwenyekiti akakitazama kisima muda mrefu, kisha akamwagiza Husseni alete koleo.

Emilia akaenda akaketi juu ya mfuniko, polepole, kama mtu anayekaa kusuka ukili.

"Ukikata waya huo kabla ya kibali, akiba imeguswa," alisema. "Ikiguswa, mimi narudi Mueda. Ni maneno yako, Baba, si yangu."

Nikaombwa nisome Mwongozo. Nasoma polepole, lakini nafika. Kifungu cha mwisho kilisema akiba itaguswa tu kumwokoa mtegemezi wa mwenye akiba, aliyeandikishwa, akiwa hatarini. Na ikimwokoa, uwezo wa kutunza utahesabiwa umethibitika.

Husseni akalamba midomo.

"Bwana Mwenyekiti," Selestini alisema, "mke mmoja uliniambia huna hakika kama namuweza. Leo nikuandike na wewe?"

"Niandike."

"Na dereva wako?"

"Mwandike."

"Na Babu huyu wa fimbo?"

Nikamwambia nimetegemea watu maisha yangu yote, ila sijawahi kuandikwa. Ningeshukuru.

Tukaandikwa, tukatia saini. Emilia akanyanyuka, waya ukakatwa. Yeye alikunywa wa kwanza. Sisi wategemezi tukasubiri zamu.

Makao makuu waliipokea taarifa kwa furaha: Selestini ametunza watu wazima watatu, mmoja wa daraja la juu, kwa mke mmoja hawezi kushindwa. Emilia alipata kibali na akajifungua mtoto wa kike. Mvua zilipokuja kisima kilijaa tena, na hakina lakiri. Pampu ya bondeni haijatengenezwa. Husseni aliacha Kamati, anaendesha lori la korosho Tandahimba. Mimi niliteremka Tunduru, fimbo ninayo.

Bwana Mujibu alipandishwa cheo kwenda Mtwara, lakini hajaondoka. Mtu aliyeandikwa mtegemezi hahami bila ridhaa ya mtunzaji wake, ndivyo Mwongozo unavyosema. Selestini hana kinyongo. Anataka tu aone kwanza kama huko aendako ataweza kujitunza: alete akiba iliyolala miezi sita bila kuguswa.

Bwana Mujibu ni mtumishi. Mshahara wake haujawahi kulala hata usiku mmoja.