Pombe ya Jana Haihesabiwi

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Nimechongewa! Hakuna maelezo mengine. Alfajiri, gari limejaa mikate ya moto, natoka zangu kiwandani kwa amani, trafiki huyo katikati ya barabara. Barabara ile haina trafiki alfajiri. Nani alimwambia napita? Akanisalimia, akauliza habari za nyumbani. Amejuaje kama nina nyumba?

Akanipa kimashine cha kupima ulevi, nipulize. Nikapuliza. Kikapiga kelele. Akanikalisha pembeni nisubiri, nisile wala nisinywe chochote, kisha nikapuliza tena. Kelele tena. Akasema nimezidisha kiwango. Uongo mtupu! Leo sijaonja hata tone. Nilikunywa jana, nikalala, nikaamka mtu mpya. Pombe ya jana ni ya jana. Mashine isiyojua tofauti ya jana na leo ndiyo inakabidhiwa riziki yangu?

Wamechukua leseni. Kesi Jumatatu ijayo. Tajiri, mwenye kiwanda, amesema nikishinda narudi kwenye usukani, nikishindwa nisahau. Kwa sasa gari amempa shemeji, mdogo wake mke wangu. Kwa muda tu, amesema. Ile "kwa muda" siipendi.

Nimemwapia mke wangu kwamba leo sijanywa. Ameniamini palepale, akalia kwa hasira, akasema atakuja mahakamani kunitetea. Kuhusu jana, anajua nilikuwa gereji natengenezewa breki. Ndivyo nilivyomwambia.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Nimekwenda kwa kinyozi. Huyu huhudhuria kesi za watu kama wengine wanavyohudhuria mpira, kwa hiyo sheria anaijua. Ananiambia mkate wa moto una hamira, hamira ni ndugu wa pombe, na kile kimashine hakiwezi kuwatofautisha. Nikamkumbatia na povu lake la kunyolea! Mimi dereva wa mikate! Asubuhi ile nilitafuna kipande kabla ya kuondoka. Au nilitaka kutafuna. Ni yaleyale.

Mpango: nimwombe hakimu nipulize mbele yake nikiwa sijanywa, shavuni nimeficha mkate. Mashine ipige kelele. Kesi ife.

Jioni shemeji akapita na gari. LANGU. Amesogeza kiti mbele! Kiti cha kuazima hakisogezwi. Nikamuuliza nani alimtonya trafiki. Akashangaa kwa ustadi mno. Mtu asiye na hatia hushangaa ovyoovyo.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Mkate peke yake siuamini. Nimekwenda duka la dawa, nikaomba dawa ya kikohozi yenye pombe kuliko zote. Muuzaji akauliza nakohoa tangu lini. Nikakohoa. Akasema kikohozi cha namna hiyo hajawahi kukisikia. Akanipa, lakini alinisindikiza kwa macho mpaka mlangoni. Nimerudi nyumbani kwa njia nyingine.

Mke wangu ameiona chupa, akadhani naumwa. Amenichemshia maji ya limau na asali. Wema huu wa ghafla una nini ndani yake? Ni dada yake shemeji, nisisahau.

Kumbe mchana amegombana na jirani aliyenicheka. Alimwambia jirani huyo kwamba mimi nina mambo yangu mengi, lakini si mwongo. Nilitamani kumweleza ukweli. Nikakohoa badala yake.

Jumatatu, tarehe 13 Mei

Niandike haraka, naona aibu.

Nilijifungia chooni pale mahakamani, nikajaza shavu mkate uliolowa dawa. Kutoka tu, karani anatangaza hakimu atachelewa. Tukakaa. Siwezi kusema, siwezi kumeza. Mke wangu akaona macho yamenitoka, akadhani nimepaliwa, akaninywesha maji. Chupa nzima! Akanipigapiga na mgongoni. Ushahidi wote ukateremka tumboni.

Nikaitwa baadaye sana. Kurudi nyuma ningeonekana mwoga. Nikamwambia hakimu kwamba nimekula mkate na dawa tu, na sasa wataona kimashine kinavyosingizia watu. Akaruhusu. Nikapuliza mpaka nikaona nyota.

Sifuri.

Chumba kizima kikacheka, hata mshtakiwa wa kesi inayofuata. Trafiki akaeleza kwa upole kwamba mkate na dawa havidumu mdomoni, ndiyo maana siku ile alinisubirisha, akanipulizisha mara mbili. Akanishukuru kwa kumsaidia kuonyesha. Kunishukuru!

Hakimu akauliza, na siku ya kabla yake je? Nikajibu kwamba siku ya kabla yake haimo kwenye hati ya mashtaka. Hapo mke wangu akasimama bila kuitwa. Akasema yeye anajua: Jumapili nilikuwa gereji mpaka usiku mkubwa, kwa ajili ya breki. Hakimu akamuuliza taratibu ni gereji gani hiyo inayofanya kazi Jumapili usiku.

Akageuka kunitazama. Nilijaribu kukohoa, hakikutoka kitu. Akakaa.

Leseni imefungiwa miezi sita. Njia nzima mke wangu alitembea hatua kumi mbele yangu. Afadhali angenisema.

Jumatano, tarehe 15 Mei

Shemeji amepewa gari moja kwa moja. Mimi nampakilia mikate. Nilijua! Kuna mkono wa mtu hapa.

Kufika nyumbani, mlango umefungwa. Mke wangu amenunua kipima ulevi chake, kidogo, amekining'iniza kwenye kitasa kwa kamba. Akiwa ndani akaniambia kwamba aligombana na watu kwa ajili ya neno langu, na hatarudia tena. Kuanzia leo ataamini hicho. Nipulize kwanza, ndipo afungue. Hakupandisha sauti. Iliniuma, sitaficha. Nikamjibu sawa, mama watoto, ni haki yako. Nikapuliza. Sifuri. Akafungua.

Nimekichunguza. Kibandiko chake kimekaa upande. Nani alikikagua? Nasikia duka alielekezwa na shemeji. Sisemi kitu, natazama tu.

Kesho kinyozi ameniita kwake kunipa pole, na pole ya kinyozi haijawahi kuwa kavu.

Nimetoka jikoni kunywa maji sasa hivi. Dirisha la jikoni halina mashine. Nimepima upana wake kwa ufagio, nikapima na mabega yangu. Yanapita.