Kuomba Chuo Kiichukue Tena Elimu ya Binti Yangu

Fundi Mwinshehe,
Karakana ya Samani, Keko,
Temeke, Dar es Salaam.

Kwa Mkuu wa Chuo cha Ufundi,
Mwalimu Kokuberwa.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU BINTI KUHITIMU AKIWA NA VIDOLE VYOTE

Kama umenizidi umri, pokea shikamoo yangu. Kama mimi ndiye niliyekuzidi, basi marahaba, tuendelee. Mimi ni baba mzazi wa Raudha, aliyesomea useremala chuoni kwako. Sina ugomvi na mtu. Nimelelewa pwani, na hata nikikasirika huwa nakaribisha watu kwanza. Lakini nilikuleteeni binti mtulivu mkanirudishia balaa. Naomba elimu mliyompa muichukue, kwa sababu zifuatazo.

1. Vidole. Hapa Keko fundi haulizwi cheti. Mteja anampa mkono, anapapasa, akikuta kimoja hakipo moyo wake unatulia: huyu kazi anaijua. Mzee Talha aliyenifundisha ana vidole vitatu mkono wa kushoto, na hakuna anayethubutu kubishana naye bei. Mimi nilikiacha cha shahada kwenye msumeno wa mezani nikiwa kijana, na siku hiyo baba yangu, Mungu amrehemu, aliagiza halua karakana nzima ikala, maana nilikuwa nimeshakuwa fundi.

Raudha amemaliza masomo yenu na vidole vyake vyote. Bwana Firoz wa Kariakoo, mteja wetu wa siku nyingi, alipompa mkono akamuuliza kama yeye ndiye karani. Niliona aibu mpaka nikajifanya natafuta misumari. Baadaye alichukua kabati alilolitengeneza binti huyo huyo, na tangu hapo akija anamuulizia yeye. Mimi hunipa salamu na kupita. Sasa niambie, Mwalimu, mtu aliyetoa kidole chake kwa kazi hii afanye nini tena ili aheshimiwe?

2. Kifua. Tangu enzi za baba, mafundi wa karakana yetu tumekuwa tukinywa maziwa kila jioni kusafisha vumbi la mbao. Bi Anastasia alikuwa akipita na ndoo yake, kila mtu kikombe chake, na tukilala tunakohoa tunajua maziwa yanafanya kazi. Raudha akatuketisha kwenye mbao akatueleza kuwa maziwa huenda tumboni na vumbi huenda mapafuni, na kwamba njia hizo ni mbili tofauti kama ya Mbagala na ya Gongo la Mboto. Akatoboa madirisha. Akatuvisha barakoa. Maziwa, akasema, ni chakula kizuri, tunywe kwa kushiba.

Matokeo yake sikohoi tena. Pengine wewe unaona ni jambo jema. Mke wangu Somoe alikuwa akinisikia toka kona ya msikiti na kutenga chai, nami nikifika naikuta moto. Siku hizi naingia kimyakimya na kuwakuta yeye na majirani wakinisema, tena wakinisema vizuri kabisa kwa undani. Pole nazo zimekatika. Nilikuwa mgonjwa anayeheshimika, naletewa supu na shemeji zangu, leo natumwa sokoni Buguruni kubeba viazi kwa kuwa eti nina pumzi.

Halafu kuna Bi Anastasia. Biashara yake ilipolegea alikuja kunilaumu, nikamwelekeza kwenu, kwa kuwa ninyi ndio chanzo. Alikuja kugomba, akatoka ameandikishwa masomo ya jioni ya usindikaji wa maziwa. Sasa ananuna nikichelewa kumpisha barabarani na vikombe vyake vya mtindi. Huoni jinsi jambo hili linavyoambukiza?

3. Kazi yenyewe. Zamani fundi akipata homa alikuja kuipigia nyundo hapa hapa. Tulikuwa tunaambukizana sote, tunaugua kwa umoja. Raudha amewafundisha wenzake kwamba mwenye homa apime, atibiwe, apumzike, ndipo arudi. Wanarudi wazima na kazi zinaisha mapema. Mwalimu, sijui kama unaelewa uzito wa neno hilo kwa fundi wa Keko. Sisi riziki yetu ni "njoo kesho". Mteja akiambiwa njoo kesho anakaa, anakunywa kahawa, anatueleza habari za mji, tunajuana mpaka ukoo. Sasa anakuta kitanda chake kimekamilika, anapakia, anaondoka. Nina wateja wengi kuliko nilivyopata kuwa nao na sijui jina la mama wa hata mmoja wao.

Vijana nao wanataka mikataba ya maandishi na kadi za bima. Nikawauliza mkataba wa nini wakati sote ni ndugu. Mmoja akanijibu kwa adabu kwamba ndiyo maana yake, ndugu wasije wakagombana.

4. Hili la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu, na hapa sitanii sana. Kampuni moja ya Kurasini inayotengeneza makasha ya mbao ya kupakia mizigo imemtaka Raudha akawe msimamizi wa karakana yao. Walimpata kwa barua ya sifa uliyoiandika wewe mwenyewe. Mshahara ni wa kila mwezi, na bima inamhudumia yeye pamoja na wazazi wake. Kwa hiyo hata nikitaka kuugua ili nimzuie, atanitibia kwa kadi yake.

Karakana hii niliirithi kwa baba. Nilitaka niifungue siku moja asubuhi nimkute yeye ndani, mimi nikae nje na kahawa yangu nikimkosoa. Inaniuma, Mwalimu, na sioni haya kusema. Nilimwita nikamwambia hayo. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Baba, mie karakana naitaka. Ila siwezi kuirithi kwa kulipa kidole. Nikajifunze kuendesha kubwa, nikirudi tuiendeshe hii kama watu."

Kwa unyenyekevu naomba basi mtende mojawapo: muichukue elimu yote, mkimwachia kusoma tu ili ajue kilichoandikwa kwenye kopo la vanishi, au, ikishindikana, mumfundishe kukohoa, au uwaandikie watu wa Kurasini kwamba humfahamu. Anatakiwa kuanza kazi Jumatatu, hivyo ukijibu kwa kawaida ya ofisi utakuwa umechelewa.

Wasalimie walimu wote wa hapo, wale wa useremala kwa ukali kidogo. Msalimie mlinzi wa getini aliyeniamkia vizuri siku ya mahafali na kunionyesha pa kukaa. Somoe anakusalimu sana, ingawa hajui nimeandika nini na akijua hatanisalimu mimi.

Aliyeelimishiwa mtoto bila kuonywa,
Mwinshehe

Nyongeza: Jumatatu imefika barua hii ikiwa bado mfukoni. Asubuhi Raudha alikuja kuniaga na kuomba radhi zangu, akanipa mkono. Nikaushika, nikajikuta navipapasa vidole vyake kimoja kimoja kama wateja wangu wanavyofanya, na sikukuta pengo. Nimempa radhi zote, ameshakwenda.

Nafasi yake hapa iko wazi. Kama una mhitimu mwingine aliyefundishwa kama yeye, nakuomba umlete leo leo, awe wa kike au wa kiume. Sharti langu ni moja: aje na vidole vyote. Wa namna yetu tuko wa kutosha.