Daftari la Maneno Pacha

Jumatatu, 4 Novemba 1974
Aibu! Ndugu Masolwa, mkuu wetu wa ofisi, kaisoma barua yangu mbele ya makarani wote. Kahesabu. Neno "pamoja" mara tisa, ukurasa mmoja! Kasema naandika kama kasuku. Ambrosi, mpiga chapa mwenzangu, kacheka mpaka miwani ikamdondoka. Nafasi ya karani mkuu iko wazi. Yangu au yake. Yake? Haiwezekani!

Jumanne, 5 Novemba
Nimekwenda mtaa wa Cheyo kwa Mwalimu Anton, mstaafu, kuazima daftari lake. Hazina! Kila neno kaliandikia pacha wake, kwa mkono. Kanisihi nisome sentensi nzima kwanza, ndipo nichague. Wazee wana maneno mengi.

Jumatano, 6 Novemba
Waraka kwa vijiji saba: mvua zimeanza, kila kaya ipande ekari moja ya mihogo, pombe marufuku saa za kazi. Maneno makavu! Nikafungua daftari. Panda: kwea. Safi. Pombe: tembo. Mbona tembo kila mtu analijua? Nikatafuta tembo: ndovu. Neno zito! Kichwa kilizunguka kidogo, kila neno linanitupa kwa jingine. Mwishowe nikapiga chapa: "Kila kaya ikwee ekari moja ya mihogo. Ni marufuku kunywa ndovu saa za kazi." Masolwa alikuwa na wageni. Katia sahihi bila kusoma.

Jumatatu, 11 Novemba
Mama Minza wa kamati ya kilimo katokea na baiskeli, matope mpaka magotini. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Kaniuliza, "Mhogo unakwewaje, mwanangu? Na huko kwetu nani kaonekana akinywa ndovu?"
Siku tatu kijiji kizima kimekaa kikao kuufumbua waraka. Wengine wanasema ni amri ya siri. Mvua inanyesha, vipando vinakauka vibandani. Sielewi! Maneno yote yamo daftarini. Masolwa kaitazama sahihi yake, kisha kaketi taratibu.

Jumatano, 13 Novemba
Naamriwa kuzunguka vijiji saba kwa baiskeli, nisome waraka mpya kwa sauti. Kauandika Ambrosi. Ambrosi! Pancha mbili. Kwa kina Mama Minza wamecheka, kisha wakashika majembe papo hapo. Nami nikapewa langu. Mjane mmoja kanionyesha vipando vyake, vikavu kama kuni. Ana watoto sita. Tukamwombea vingine kwa jirani, nikampandia mpaka viganja vikachubuka.

Jumamosi, 16 Novemba
Ambrosi ndiye karani mkuu. Mimi niandike barua ya kujieleza, la sivyo nafukuzwa. Nimeandika kwa unyenyekevu: kosa ni langu, naomba niachwe niendelee na kazi. Hilo "niachwe" linapwaya. Daftari linasema, achwa: pewa talaka. Ahaa! Nimesahihisha: "Namwomba Ndugu Masolwa anipe talaka, niendelee na kazi kama kawaida."
Imetulia. Nimeiweka mezani kwake mwenyewe.