Mama Mkwe na Digrii ya Polinomia

Jumatatu, 9 Februari 2026
Jameni! Darasa letu la watu wazima hapa Wabera, saa kumi, mlango umefunguka. Ameingia mama mkwe! Mama Nanok mwenyewe, kutoka Kipsing, na daftari jipya. Nikajificha nyuma ya kitabu. Sarah, mke wangu, kumbe alijua! Ananiuliza naogopa nini. Siogopi. Lakini Ijumaa kuna mtihani, na anayeanguka hasajiliwi KCSE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne. Bila cheti, mimi Ekeno nitazeekea getini na rungu la ulinzi. Na nianguke mbele ya mama mkwe?

Jumanne, 10 Februari
Mwalimu Kendi kaandika ubaoni: 3x²y³ + x⁴ − 7xy. Digrii ni ngapi? Nikaruka juu. Nne! Ndicho kipeo kikubwa, si kinaonekana? Mwalimu akasema hapana. Mama Nanok akainua mkono.
“Tano, mwalimu. Kila kundi nalihesabu peke yake. La kwanza, mbili za x na tatu za y, tano. La pili, nne. La mwisho, moja na moja, mbili. Nachukua lile kubwa.”
Makofi! Nikapiga pia, nisijulikane nimeumia.

Jumatano, 11 Februari
Siri nimeipata. Ni kujumlisha! Nimejumlisha vipeo vyote ninavyoviona: tisa. Nikamkimbilia mwalimu kabla hajaondoka kwa bodaboda. Amenishangaa. Eti najumlisha ndani ya kundi tu, sivuki alama ya kujumlisha. Nikaitikia. Pikipiki ilikuwa inanguruma, nusu sikusikia.

Alhamisi, 12 Februari
Mpango kabambe. Nimemtuma Sarah aazime daftari la mama yake, asiseme nani analitaka. Nimefungua ukurasa wa kwanza. Mungu wangu! Imeandikwa: “Ekeno mwanangu, ukitaka kufundishwa, niulize tu.”
Nimelifunga hapo hapo. Nimemgombeza Sarah kwa kuchukua kitu cha watu.

Ijumaa, 13 Februari
Mtihani. 2x³y²z + 5y⁵ + 900. Nikaangusha kalamu makusudi, nikachungulia karatasi ya Mama Nanok. Sita! Sita imetoka wapi? Swali zima halina sita! Maskini, uzee umemfikia. Nilimwonea huruma kweli. Mimi nimeandika mia tisa. Hakuna namba kubwa kuliko hiyo.

Jumamosi, 14 Februari
Sijiwezi. Mama Nanok, tisini na mbili. Mimi, kumi na nne! Jibu ni sita. Tatu, mbili, na moja ya z. Nikalia kwamba z haina kipeo. Mwalimu akasema iko moja, ila haiandikwi. Haiandikwi! Na ile mia tisa, digrii yake ni sifuri!
Sijasajiliwa. Mama mkwe amemtuma Sarah: atanifundisha kila Jumapili baada ya kanisa, yeye aketi nje ya dirisha, heshima isivunjike. Nimekataa kwa adabu. Shida si mimi, ni wingi wa herufi. Nimemwandikia mwalimu barua rasmi: mwaka ujao nitungiwe mtihani wenye x peke yake. Nimeigonga muhuri wa ofisi ninayolinda, asithubutu kukataa.