Ombi la Kufungiwa Maji Tena, Ili Mapinduzi Yafuate Utaratibu

Arvo Niskala,
Nyumba Na. 9, Kijiji cha Misonobari,
Koski Lake, Minnesota.
Jumatano, asubuhi na mapema.

Mhariri,
Jarida la Jumba la Wafanyakazi.

Ndugu Mhariri,

YAH: MAPINDUZI KUFANYIKA NDANI YA SAUNA BILA AJENDA, BILA AKIDI NA BILA NGUO

Pokea salamu zangu za kichama. Najua fika kwamba wewe ni mke wangu, na kwamba hivi ninavyoandika umelala chumba cha pili na mlango uko wazi. Lakini jana mezani ulinielekezea uma ukasema, "Arvo, kama una malalamiko kuhusu chama, yaandike. Mimi nakula." Basi nimeyaandika, na naomba yachapishwe ukurasa wa kwanza, pale mnapoweka habari za vitu vilivyosahaulika Jumbani.

Wasomaji wako wanafahamu kwamba tawi letu limesoma nadharia ya ujamaa kila Alhamisi kwa zaidi ya miaka thelathini, katika Jumba lile lile walilojenga babu zetu Wafini waliokuja huku kuchimba chuma. Katika muda wote huo tawi halijafanya kosa hata moja la kivitendo. Rekodi hiyo matawi makubwa ya mijini hayana.

Kabla ya Krismasi mabomba ya kijiji chetu yaliganda. Kampuni iliyonunua ardhi ya kijiji chetu kiangazi kilichopita, na ambayo makao yake yako katika jimbo lisilojua theluji, ilituandikia kwamba kuganda ni jambo la asili. Nyumba zetu zote, hizi za magurudumu zilizoegeshwa kwenye ardhi yao, zikakauka, yetu ikiwemo. Mimi kama mwenyekiti sikulala. Siku hiyo hiyo niliunda kamati ndogo ya kuchunguza kama maji ni suala la kitabaka. Kamati ilikuwa inakaribia kabisa kukubaliana juu ya jina lake, ndipo akaingia Marisol Ybarra wa nyumba namba kumi na nne, yule mama anayehudumia wazee majumbani mwao. Si mwanachama. Alisubiri mpaka "Mengineyo", akauliza kama watoto wa kijijini wanaweza kuoga kwenye sauna, chumba cha kuogea kwa mvuke cha Jumba, kwa kuwa Jumba liko nje ya kijiji na lina kisima chake. Nikaruhusu kwa roho safi. Yaliyofuata nayaeleza hapa kwa uchungu.

1. Mahali. Watoto walikuja kuoga na mama zao, mama wakaja na baba, na watu wakishakaa kwenye mabenchi yale na mvuke ukapanda, hawawezi kunyamaza. Wakaanza kuzungumzia maji. Wiki ya pili mkutano wa Alhamisi ulikuwa umehamia humo bila hoja wala mtu wa kuiunga mkono. Mimi nilibaki ukumbini na ajenda yangu. Nilifungua mkutano, nikajisomea kumbukumbu, nikazithibitisha, nikaahirisha kwa kukosa akidi. Nikiwa hapo nilisikia vicheko kutoka saunani, ng'ambo ya ukuta. Ndugu Mhariri, kimoja kati ya vicheko hivyo kilikuwa chako. Nakijua, na sikuwa nimekisikia tangu mabomba yagande.

2. Kata. Huyu Marisol ameleta kanuni ambayo haimo katika katiba ya chama chochote duniani. Anayetaka kusema lazima kwanza amwage kata moja ya maji juu ya mawe ya moto. Akitaka kuendelea, anamwaga nyingine. Kwa hiyo msemaji mrefu anaiva yeye mwenyewe na anawaivisha wenzake. Wiki ya tatu niliingia na ripoti yangu, "Hali ya Sasa na Majukumu Yetu", kurasa tisini, kazi ya miaka kumi na mmoja. Kwenye kata ya tatu nilikuwa bado nashukuru walionisaidia kupiga chapa. Mama Sylvi, ambaye alikuwa mwanachama kabla sijazaliwa, akapaza sauti kutoka benchi la juu: "We Arvo! Sema unachotaka, tunaungua huku!" Marisol naye, kwa upole uliouma zaidi, akasema, "Mzee Arvo, kwa kifupi tu. Unataka tufanye nini?"

Nakiri kwamba swali hilo sikuwahi kuulizwa tangu nijiunge na harakati. Nikaomba muda wa kutafakari, nikatoka nje.

3. Kura. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kutoka nje ndiko kupiga kura. Anayeunga mkono hoja anatoka na taulo lake kujigaragaza kwenye theluji, na asiyeunga mkono anabaki ndani kwenye joto. Wanadai kwamba kwa njia hii mtu hawezi kuunga mkono kitu asichokitaka kweli. Mimi, nikiwa nimesimama nje natafakari, nikahesabiwa. Hoja ikapita kwa kura yangu, na hadi nafika nyumbani sikuwa najua ilikuwa hoja gani. Onni Perala alinipa mkono wa pongezi. Ni wa mrengo wa kulia yule, na hakuwa amenipa mkono tangu harusi yetu.

4. Mirengo. Kuhusu hilo hilo. Unajua kwamba tangu mgawanyiko ule mkubwa, mrengo wetu wa kushoto umekaa ukumbini upande wa madirisha na mrengo wa kulia upande wa jiko, na hatujapeana hata sukari. Mgawanyiko huo tuliulinda kwa kujinyima sana, hasa sisi wa madirishani, wakati wa baridi. Ndani ya sauna watu wanakaa kwa presha. Wenye presha benchi la chini, wasio na presha benchi la juu. Jumamosi nimemwona Onni akimchapa mjomba wako mgongoni kwa matawi ya mti, kama ilivyo desturi ya sauna, na mjomba wako, mtu wa kushoto tangu ujana wake, anamwambia, "Hapo hapo, shusha kidogo." Mtu wa kunieleza nadharia inayoruhusu jambo hilo sijampata.

5. Kumbukumbu za mkutano. Karatasi inalowa humo ndani, hivyo kumbukumbu zote amekabidhiwa Mama Sylvi azihifadhi kichwani. Hasahau. Tatizo ni kwamba hasahau hata ya zamani, na kila Alhamisi, kabla ya ajenda, anatukumbusha nani alijitolea kurekebisha paa la Jumba enzi tukiwa vijana na mpaka leo linavuja.

6. Mswaki. Sasa nakuja kwenye ile hoja niliyoipitisha bila kujua. Kijijini, ofisi ya kampuni pale getini ndiyo pekee iliyokuwa na maji, kwa sababu bomba lake limezungushiwa waya wa umeme unaolipasha joto. Jumatatu ya wiki iliyopita, asubuhi, watu sabini walijipanga mlangoni kwa meneja, kila mtu na taulo begani na mswaki mkononi. Hakuna aliyetukana. Hakuna bendera iliyopepea, ingawa tunazo tatu. Marisol alikuwa wa kwanza: "Habari ya asubuhi, kaka Colby. Tumekuja kupiga mswaki tu, wewe endelea na kazi zako." Wakapiga mswaki, jino moja moja, wakasema asante, wakarudi mwisho wa foleni. Mama Sylvi alikuja na meno yake ya bandia ndani ya glasi, na hayo peke yake yalichukua asubuhi nzima. Mkate wa iliki ulipitishwa foleni nzima mpaka ukafika kwa meneja, kijana wa watu, akala vipande viwili. Nilimsikia kwa masikio yangu akiwapigia wakubwa zake simu, mdomo umejaa: "Bosi, nitawafukuzaje? Wana adabu kuliko mimi!"

Nimepekua maktaba yote ya Jumba. Kuna migomo, kuna vizuizi vya barabarani, kuna kukamata viwanda. Dawa ya meno haimo. Tabaka la wanyonyaji linapaswa kutetemeka mbele ya wavujajasho, siyo kupewa mkate na kuulizwa hali ya mama yake.

7. Wewe. Samahani, lakini lazima liandikwe. Tangu mabomba yagande ulikuwa unachota maji Jumbani na kuyaleta nyumbani kwa ndoo, na bega lako lile. Mimi nilikuwa kwenye sura ya tatu ya ripoti yangu. Ulipita mbele ya meza yangu kila siku na hukusema neno. Kama ulikuwa na hoja ungeiwasilisha, mimi ni mwenyekiti, milango yangu iko wazi. Badala yake Jumatatu ile nilikuona kwenye foleni ile, katikati ya Marisol na Onni, mdomo umejaa povu la dawa ya meno, unacheka. Nilisimama ng'ambo ya barabara. Nilijisikia vibaya sana, na sikuipata sura inayoeleza kwa nini.

8. Matokeo. Siku ya tatu ya foleni mafundi walikuja. Ijumaa maji yakatoka. Yametoka, Ndugu Mhariri, bila ripoti yangu kusomwa hata ukurasa wa kwanza! Je, vijana watajifunza nini? Watadhani kwamba watu wakikubaliana wanataka nini, wakaenda pamoja kulichukua, basi wanaweza kulipata. Fikra hiyo ikienea, kamati ndogo zote nchini zitabaki bila kazi. Tayari wanachama wapya zaidi ya ishirini wamejiunga, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu mgawanyiko. Na kesho Alhamisi wanataka kwenda mbele zaidi. Eti mafundi wameyeyusha barafu na kuziba mipasuko kwa muda tu, kwa hiyo kampuni idaiwe kufukia bomba jipya chini kabisa, ambako baridi haifiki.

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo. Kwanza, sauna irudishwe kwenye shughuli za usafi wa mwili. Pili, na hili ndilo ombi langu kuu, naomba jarida lako liiandikie kampuni kwa heshima, ifunge maji ya kijiji tena kwa muda wa majuma sita. Majuma manne ni ya kusoma ripoti, moja ni la marekebisho, na moja ni la kura ya mikono mikavu. Baada ya hapo watu wajipange upya na miswaki yao, safari hii wakijua kwa nini, na maji yarudi kwa utaratibu. Sina shaka kampuni itatusikiliza. Hili litakuwa jambo la kwanza tulilowahi kuiomba ambalo ina uwezo nalo.

Natambua kwamba kufungwa kwa maji kutatugusa hata sisi wa namba tisa. Mapinduzi hayana upendeleo.

Nisalimie Marisol na wanawe, na umwambie lile swali lake bado nalifanyia kazi. Nisalimie mjomba wako, mgongo wake ukipoa. Msalimie Mama Sylvi na umwombe, kama inawezekana, asahau habari za paa. Msalimie meneja Colby, mtoto wa wafanyakazi asiyejijua. Na lisalimie bega lako.

Ni mimi, ninayeendelea kungoja zamu yangu ya kusema,

Arvo Niskala
Mwenyekiti wa Tawi (mpaka hapo nitakapoondolewa kwa utaratibu)

Tanbihi: Nimeenda jikoni kukuwekea kahawa kabla sijakuachia barua hii mezani. Bomba limekohoa mara mbili, likanyamaza. Nimelifungua mpaka mwisho, kavu. Ombi langu kuu limekubaliwa kabla halijachapishwa, na hii ni mara ya kwanza katika maisha yangu ya kichama hoja yangu kupita.

Nimesimama na birika tupu. Nyuma ya mlango nimeiona ndoo yako, ile yenye kitambaa ulichofunga mpinini. Nimeibeba mara ngapi kuisogeza nipitishe kiti changu, na sikuwahi kujiuliza kitambaa ni cha nini. Leo nimeinyanyua. Hata ikiwa tupu, waya wa mpini unakata kiganja.

Usichapishe barua hii. Naenda Jumbani kuwasha sauna, maana watoto wataamka na kukuta hakuna maji. Kuni zilizobaki kule ni mbichi, lakini ninazo kurasa tisini zilizokauka vizuri. Nikitoka hapo napitia getini, na Colby atakapofungua ofisi atanikuta mlangoni na mswaki wangu.

Marisol akiuliza tena kesho, jibu ninalo, na linatosha kwenye kata moja: nataka mke wangu asibebe ndoo. Nikishalisema nitatoka nje kwenye theluji, na safari hii wanihesabu.

Ndoo usiiguse. Njoo na mkate wa iliki kama umebaki. Nakushikia nafasi nyuma yangu.